Msitu Ulioshuka Mlima: Juhudi za Kuurudishia Kilimanjaro Miti Yake

Kila mwanafunzi wa jiografia katika Afrika ya Mashariki amefundishwa kwamba barafu ya Kilimanjaro inapungua. Habari hiyo si ngeni. Hans Meyer, Mjerumani aliyefika kileleni mwaka 1889, alipourudia mlima mwaka 1898 aliona kuwa barafu ilikuwa imekwisha kurudi nyuma. Tangu mwaka 1912 hadi mwaka 2007 asilimia 85 ya eneo lililokuwa na barafu ilitoweka. Picha za kilele kinachopoteza weupe wake zimechapishwa duniani kote, na watu wengi wamekata shauri kwamba barafu ikiisha, mito nayo itakauka.

Shauri hilo lina kosa ndani yake. Maji yanayotiririka kutoka Kilimanjaro hayatokani na barafu ila kwa kiasi kidogo mno. Wataalamu wamekadiria kuwa asilimia 96 ya maji hayo chanzo chake ni ukanda wa msitu unaouzunguka mlima kama mshipi. Na huo msitu, ambao mgeni huupita kwa haraka akiwahi kileleni, nao unapungua. Hasara yake haionekani kwa mbali kama ile ya barafu, lakini kwa mkulima wa Marangu, kwa mvuvi wa Nyumba ya Mungu na kwa mitambo ya umeme ya Hale na Pangani, hasara hiyo ndiyo nzito zaidi.

Jambo lililokwenda kinyume

Kanuni inayofundishwa darasani ni rahisi. Hewa hupoa kadiri mtu apandavyo mlima. Kwa hiyo kila mmea una kimo chake, na juu ya kimo fulani miti haiwezi kuota kwa sababu ya baridi. Ikiwa dunia inapata joto, basi mpaka huo wa juu wa msitu ungetazamiwa kupanda, maana sehemu zilizokuwa na baridi kali zitakuwa na nafuu. Katika milima mingi ya dunia ndivyo ilivyotokea.

Kilimanjaro imetokea kinyume. Uchunguzi wa miaka mingi uliofanywa na Andreas Hemp, mwanabotania kutoka Ujerumani, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2005, ulionyesha kwamba mpaka wa juu wa msitu umeshuka kwa mamia ya mita. Mahali palipokuwa na msitu mnene wa erika, miti yenye majani madogo kama sindano ambayo huweza kufikia urefu wa mita kumi na kuvaa ndevu za kuvumwani, sasa pana vichaka vifupi na nyasi za mafundo. Tangu mwaka 1976 hekta zipatazo 13,000 hadi 15,000 za msitu wa juu zimeangamia.

Sababu iliyoleta kinyume hicho ni moto. Hali ya hewa ya mlima huu haikupata joto tu, bali pia imekuwa kavu. Ukavu huo haukuanza jana. Ulianza kujitokeza mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, wakati ambapo maziwa mengi ya Afrika ya Mashariki nayo yalipungukiwa na maji. Mvua ikipungua na jua likizidi, mboji na majani makavu yaliyo chini ya miti huwa kama makumbi ya nazi: cheche moja yatosha. Joto peke yake lingeupandisha msitu; joto pamoja na ukavu vimeuita moto, na moto ndio ulioushusha msitu.

Yafaa ikumbukwe kwamba mara nyingi mabadiliko ya hali ya hewa hayawashi kiberiti. Moto mwingi mlimani huanzishwa na watu: warina asali wanaofukiza nyuki, wapagazi wanaopika, wawindaji, na wakulima wanaosafisha mashamba yaliyo karibu na mpaka wa msitu. Watu hao walikuwapo hata zamani. Lililobadilika ni kwamba zamani moto wao ulizimika wenyewe ulipofika kwenye majani mabichi na udongo wenye unyevu, na sasa hauzimiki. Ukavu ndio unaomgeuza mrina asali kuwa mteketezaji wa msitu bila ya kukusudia.

Mfano wa karibu ulitokea mwaka 2020. Tarehe 11 Oktoba moto uliwaka katika eneo la Whona, kituo cha mapumziko kilichoko kati ya Mandara na Horombo katika njia ya Marangu. Upepo na ukavu viliueneza kwa siku nyingi. Mamia ya watu, wakiwamo askari wa hifadhi, wanakijiji na wanafunzi wa Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori cha Mweka, walipanda kuukabili kwa majembe, mapanga na matawi mabichi. Kilometa za mraba zipatazo 95 ziliungua. Oktoba mwaka 2022 moto mwingine ulizuka karibu na kambi ya Karanga, upande wa kusini.

Jinsi msitu unavyokamua mawingu

Ili kufahamu thamani ya kilichopotea, hapana budi kueleza jinsi msitu wa erika unavyofanya kazi. Mvua nyingi ya Kilimanjaro haianguki kileleni. Huanguka upande wa kusini, kwenye kimo cha mita 2,000 na kitu, katikati ya msitu wa mikulo na mipodo. Juu ya hapo mvua huanza kupungua, lakini ukungu huwa mwingi. Karibu kila siku mawingu hupanda kutoka tambarare na kuufunika ukanda wa juu.

Ukungu ni matone madogo mno ya maji, mepesi hata hayawezi kuanguka. Yakipita juu ya uwanja mtupu, huendelea na safari yake. Yakipita katikati ya miti yenye majani membamba mamilioni kwa mamilioni, pamoja na kuvu na kuvumwani zinazoning'inia matawini, hugongana na majani hayo na kunata. Matone madogo huungana, huwa makubwa, kisha hudondoka. Mtu akisimama chini ya mti wa namna hiyo asubuhi yenye ukungu, hulowa, ilhali mwenzake aliyesimama uwanjani hatua kumi kutoka hapo ni mkavu. Mti umemkamulia wingu.

Kiasi cha maji yanayopatikana kwa njia hiyo si kidogo. Kwa makadirio ya watafiti, kuungua kwa msitu wa juu tangu mwaka 1976 kumeupunguzia mlima meta za ujazo milioni 20 za maji ya ukungu kila mwaka. Tarakimu hiyo yaweza kuchambuliwa darasani. Meta moja ya ujazo ni lita 1,000. Kwa hiyo hasara ni lita bilioni 20. Maji hayo yakigawanywa kwa watu milioni moja, kila mmoja angepata lita 20,000 kwa mwaka, yaani lita 55 hivi kwa siku, karibu madumu matatu. Yakitandazwa juu ya kilometa za mraba 140 zilizoungua, yangefanya kina cha milimita 143. Milimita 143 si mvua kubwa. Lakini ni maji yanayopatikana hata katika miezi ya kiangazi, wakati mvua haipo na mifongo ya Wachagga, ile mifereji ya kale ya kumwagilia vihamba, inapopungukiwa na maji.

Hapa pana duara baya. Msitu ukiungua, ukungu haunaswi. Ukungu usiponaswa, udongo hukauka. Udongo ukikauka, moto unaofuata huenda mbali zaidi. Nyasi zinazoota baada ya moto hukauka kila kiangazi, nazo huwa kuni za moto mwingine kabla ya miche ya miti haijapata nguvu. Ndiyo maana msitu haukurudi wenyewe katika sehemu nyingi, ingawa mbegu zilikuwapo na mvua zilinyesha.

Dawa ya kwanza si mche

Linapotajwa neno kurudisha msitu, watu wengi huona akilini mwao umati wenye majembe, kila mtu na mche wake. Picha hiyo ni nzuri, ila yaweza kupotosha. Katika ukanda wa juu wa Kilimanjaro mche uliopandwa leo na kuungua baada ya miaka mitatu umepoteza fedha na jasho bure. Kazi ya kwanza, basi, ni kulivunja lile duara, yaani kuzuia moto.

Mti wa erika una sifa moja inayotia moyo. Ukiunguzwa na moto mwepesi, shina lake la chini huchipua tena. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi na hupeperushwa na upepo. Mti wa namna hiyo hauhitaji kupandwa, wahitaji kuachwa. Moto ukizuiwa kwa miongo michache, vichaka vya erika huweza kurefuka tena kuwa msitu. Bali moto ukirudi mara kwa mara, akiba iliyomo mizizini huisha, na mwishowe shina halichipui tena.

Kuzuia moto si maneno tu. Kunahitaji barabara za moto zinazofyekwa kila mwaka kabla ya kiangazi. Vituo vya ulinzi vyenye njia ya kupeleka habari upesi. Vikosi vya vijijini vilivyofunzwa na kupewa zana. Na majiko ya gesi kwa wapagazi na waongozaji wa wageni, ili moto wa kuni usiwashwe mlimani. Kunahitaji pia mizinga ya kisasa na vifukizio vyenye kifuniko, ambavyo cheche zake hazirukiruki, kwa ajili ya warina asali. Gharama ya vitu hivyo ni ndogo ikilinganishwa na gharama ya kuzima moto uliokwisha kushika bonde zima.

Mahali ambapo mkono wa mtu wahitajika

Chini zaidi, katika msitu wa podo na mkulo, mambo ni mengine. Mbegu za podo hubebwa na ndege wala matunda pamoja na kima, nazo hupoteza uhai upesi zikikauka. Kwa hiyo mahali palipoungua, mbali na miti mizazi, mbegu hazifiki, au zikifika hukuta udongo mtupu uliochomwa na jua. Mkulo nao una taabu zake. Matunda yake hushambuliwa na wadudu, na mti huo huzaliana zaidi kwa machipukizi ya mizizi kuliko kwa mbegu. Mkulo ukikatwa pamoja na jirani zake wote, huenda usirudi katika maisha ya mtu mmoja.

Katika sehemu kama hizo ndipo kitalu cha miche kinapohitajika. Hata hivyo si lazima kupanda kila mahali. Njia iliyokubaliwa na wataalamu wengi ni kupanda mafungu ya miti kama visiwa, kwa kuchanganya aina za asili zinazokua haraka na zile zinazokua polepole. Visiwa hivyo hutoa kivuli, huwavuta ndege, na ndege huleta mbegu nyingine kutoka msitu uliosalia. Kwa njia hiyo kazi iliyoanzwa na jembe huendelezwa na hondohondo, wala hondohondo hadai mshahara. Mahali ambapo miche ya asili imejiotea yenyewe, kazi ya mtu ni kuitafuta, kuiwekea alama, kufyeka nyasi zinazoizunguka na kuilinda.

Swali la mti gani upandwe ni zito kuliko linavyoonekana. Upande wa kaskazini na wa magharibi wa mlima yamekuwapo kwa miaka mingi mashamba ya misindano na misanduku. Mashamba hayo hutoa mbao, na nchi inazihitaji. Lakini shamba la mbao si msitu. Miti yake ni ya umri mmoja na aina moja, hukatwa yote kwa pamoja, na utajiri wa viumbe wanaoishi humo ni haba. Anayepanda misindano mahali pa msitu wa podo akahesabu kuwa amerudisha msitu, amehesabu mashina tu.

Utajiri wenyewe ni wa ajabu. Mwaka 2016 watafiti walitangaza kwamba katika bonde moja la Kilimanjaro wamepima mkukusu wenye urefu wa mita 81.5, mti mrefu kuliko miti yote ya asili iliyopata kupimwa katika Afrika. Kwa makadirio umri wake ni zaidi ya miaka 500. Hakuna kitalu kinachoweza kuuotesha mti wa namna hiyo kwa bajeti ya miaka mitano. Jambo hili lafundisha kwamba kuulinda msitu uliopo daima ni rahisi kuliko kuurudisha ulioondoka.

Watu na mpaka

Msitu wa Kilimanjaro haupo mbali na watu. Chini yake vihamba vimepakana kama vyumba vya nyumba moja, migomba na kahawa chini ya miti ya kivuli. Mwaka 1941 serikali ya wakati huo ilitenga ukanda wa nusu maili kando ya msitu, ili wananchi wapate humo kuni, nguzo na majani ya mifugo bila ya kuingia ndani. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro iliundwa mwaka 1973, na mwaka 2005 mipaka yake ilipanuliwa hadi kuuingiza msitu. Ulinzi ukapata nguvu, lakini mivutano nayo ikazidi, kwa kuwa mama anayehitaji mzigo wa kuni leo hawezi kungojea faida ya maji itakayopatikana baada ya miaka thelathini.

Hapo ndipo mipango mingi ya kurudisha misitu huvunjika. Mtu aliyefukuzwa msituni hana sababu ya kupanda mlimani usiku kuuzima moto wake. Mtu anayeona kuwa mfongo wake unategemea erika zilizoko juu, na ambaye amepata mahali pengine pa kukata kuni, anayo sababu. Kupanda miti ya kuni ndani ya kihamba, kutumia majiko yanayookoa kuni, kuotesha majani ya mifugo kwenye kingo za makinga maji: mambo hayo hufanyika nje ya msitu, lakini ni sehemu ya kuurudisha.

Tanzania inao mfano wake yenyewe. Shinyanga, nchi kavu kuliko Kilimanjaro, iliwahi kufyekwa hata ikaitwa jangwa. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa jina la HASHI. Badala ya kuleta miche ya kigeni peke yake, mradi uliifufua desturi ya Wasukuma ya ngitili, yaani kutenga malisho na kuyaacha yapumzike. Mashina yaliyodhaniwa kuwa yamekufa yalichipua. Katika muda usiofika miaka ishirini, ngitili ziliongezeka kutoka mamia ya hekta hadi laki tatu na zaidi. Miti ya Shinyanga si ile ya Kilimanjaro, lakini kanuni ni moja: ardhi iliyopumzishwa na watu walio na haki juu yake huponyesha mengi ambayo fedha haziwezi.

Kipimo cha mafanikio

Umoja wa Mataifa uliutangaza muongo wa 2021 hadi 2030 kuwa wa kurudisha mifumo ya ikolojia. Katika muongo kama huo husikika tarakimu kubwa za miche iliyopandwa. Mwalimu wa sayansi anaweza kuwafundisha wanafunzi wake kuuliza maswali mengine. Ni miche mingapi iliyo hai baada ya miaka mitano? Ni ya aina ngapi? Moto umepita mara ngapi? Maji ya kijito yamepimwa lini, mwezi gani, na yamebadilika vipi?

Shule iliyoko mahali penye ukungu inaweza kuanza leo. Zahitajika makopo sita yanayolingana na rula. Makopo matatu huwekwa chini ya miti yenye majani mengi, na matatu uwanjani, yote yakiwa sawasawa. Kila asubuhi kwa mwezi mmoja kina cha maji hupimwa kwa milimita na kuandikwa, pamoja na hali ya hewa ya usiku uliotangulia: mvua, ukungu au anga wazi. Siku za mvua, makopo ya uwanjani kwa kawaida yatakuwa na maji zaidi, kwa sababu majani huzuia sehemu ya mvua isifike chini. Siku za ukungu pasipo mvua, yatazamwe yale yaliyo chini ya miti. Wastani wa makundi hayo mawili utakuwa hoja iliyo na nguvu kuliko hotuba, na wanafunzi watakuwa wameipata kwa mikono yao wenyewe.

Barafu ya kileleni haitarudishwa na kizazi hiki. Kuhusu barafu, wanakijiji wa Marangu na Machame hawana la kufanya, kwani chanzo cha joto la dunia kiko mbali na vihamba vyao na nguvu zao hazikifikii. Msitu ni jambo jingine. Moto uwashwao hapa huzuiwa hapa. Shina lililoachwa huchipua. Na tone linalonaswa na jani la erika juu ya mita 3,000 hushuka hadi kwenye mfongo bila kuuliza habari za kilele. Kijana aliyeko kidato cha pili leo, moto ukizuiwa tangu sasa, ataiona erika ikirefuka tena kuwa msitu kabla hajawa mzee.